Samaki Aliyelowesha Mikono

Aldershaw, Yorkshire
2 Mei 1993

Mdogo wangu Enid,

Mimi mzima, mke wangu Doreen mzima. Goti langu la kushoto ndilo linalolalamika, lakini goti hilo limelalamika tangu baba yu hai. Huko Bristol nasikia mna jua. Huku mvua imehamia kabisa, na mizigo yake yote.

Nimechaguliwa tena kuwa katibu wa klabu ya uvuvi. Nasema nimechaguliwa, ila ukweli ni kwamba nilikwenda msalani na niliporudi kura zilikuwa zimekwisha kupigwa. Mwaka huu kazi hiyo ina mwiba. Unawajua wale watu wanaopinga uvuvi? Oktoba iliyopita walivamia mashindano ya jirani zetu wa Hebblesworth. Walitupa mawe majini, wakakata mishipi ya watu, na bwana mmoja alisukumwa akateguka bega. Wenyeji nao hawakukubali, wakarusha ngumi. Mwisho wa yote mwenye ardhi akafunga bwawa, na sasa watu wa Hebblesworth siku za Jumapili wanaosha magari.

Juzi Bibi Fothergill, mwenye bwawa letu, akaniita. Alinipa chai na skonzi moja ngumu, akanitazama kwa juu ya miwani. "Bwana Hollinrake," akasema, "mkataba wenu unakwisha tarehe thelathini Juni. Nikisikia mwanachama wako mmoja amempiga mtu, hata kofi la mzaha, siutii saini. Bwawa nitawaachia bata." Enid, lile ni bwawa la baba. Klabu iko pale miaka arobaini na saba. Likipotea mikononi mwangu nitajificha wapi?

Mashindano ya kufungua msimu ni Jumapili tarehe ishirini Juni, na fununu ni kwamba safari hii watakuja kwetu, basi zima. Nina wanachama thelathini na mmoja. Nusu yao wana hasira za karibu, nusu nyingine hawajui kuogelea.

Habari nyepesi sasa. Ubao wa rekodi pale kwenye kibanda cha klabu nimeupaka rangi upya. Jina langu bado liko juu kabisa: C. Hollinrake, tenchi, ratili sita na wakia mbili, 1956. Miaka thelathini na saba hakuna aliyemfikia yule samaki. Nilisimama pale na brashi mkononi nikajiona mtu.

Njoo siku hiyo utushangilie. Doreen atapika pai.

Kaka yako,
Clifford


Bristol
11 Mei 1993

Kaka Clifford,

Barua yako imefika, na funza mmoja mkavu ndani ya bahasha. Ipo siku utamtumia malkia chambo kwa bahati mbaya.

Hongera kwa ubao. Endelea kujiona mtu.

Sasa nikuulize, maana wewe ukishatishwa na mwanamke mwenye miwani akili inakuruka. Watu hao wakija, wanachama wako watafanya nini hasa? Usiniambie "watatulia." Stan Murgatroyd namjua, yule aliwahi kupigana na mashine ya chai. Na Mzee Horace Sugden bado anavua? Ana miaka themanini na mmoja na hasikii kengele ya kanisa hata akiwa chini yake. Akiteleza katika vurugu hiyo, nani atamwona?

Mimi sina jipya. Kila Jumanne jioni naenda kwenye kikundi fulani cha kushona. Wengi ni vijana, wazuri tu, maneno mengi, lakini hakuna hata mmoja anayejua kutunga uzi kwenye sindano. Tuna kazi moja kubwa ya kitambaa cha rangi ya fedha na fundi mkuu ni mimi. Nimeshashona vipande mia mbili na bado sijafika mkiani.

Niandikie kila kitu, hata yale unayodhani hayanihusu.

Enid


Aldershaw
24 Mei 1993

Mdogo wangu,

Tumefanya mkutano. Ulichukua saa tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za biskuti.

Sajini wa hapa kijijini alikuja kutushauri, nami nikasimama nikayasoma aliyoyasema. Wakija, hakuna kubishana nao. Kila mtu atoe mshipi wake majini, kwa sababu ndoana ikiyumba hewani kwenye msongamano jicho la mtu huondoka. Ufito wa kuvulia alaze chini, maana ukiuinua tu, kwenye picha ya gazeti utaonekana umeshika mkuki. Kisha arudi hatua tatu kutoka ukingoni, na asikae peke yake. Mimi nitakuwa kibandani nikiwapigia polisi simu.

Nikadhani nimemaliza. Stan akasimama.

"Katibu," akasema, "mtu akiondoka mahali pake kabla ya filimbi ya mwisho ameshindwa. Ndiyo sheria, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, Stan, lakini..."

"Mwaka sabini na moja nilikaa pale na homa ya mapafu hadi filimbi. Leo niondoke kwa ajili ya kijana mwenye bango?"

Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kumuunga mkono. Unawajua watu wetu. Nyumba ikiungua watauliza kwanza kama filimbi imelia. Nikakaa chini, halafu nikasikia mwenyewe nilichokuwa nikikiwaza. Kama wanatii filimbi tu, basi wapewe filimbi! Nikawaambia: filimbi moja ndefu, mashindano yanasimama kwa wote, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Unalaza ufito, unarudi hatua tatu, unajimiminia chai.

"Ikilia filimbi, sawa," akasema Stan. "Filimbi ni filimbi."

Tumefanya mazoezi mara tatu kwenye uwanja wa magari, na mifagio badala ya fito. Wameshika vizuri sana. Horace tu ndiye hakusikia. Tulipomaliza na kwenda kunywa chai yeye bado alikuwa anavua kwa ufagio kati ya magari mawili, na alikataa kusumbuliwa.

Hicho kitu cha fedha mnachoshona ni pazia?

Clifford


Bristol
5 Juni 1993

Kaka,

Mpango wa filimbi ni mzuri, sikutegemea utoke kichwani mwako. Usiubadili hata kidogo. Nasema tena, usiubadili.

Horace mkalishe karibu na kibanda. Asikae kule kwenye ukuta wa kile kinu cha kusagia unga, penye kina. Nakuomba, Cliff.

Sitaweza kuja tarehe ishirini, samahani. Kikundi chetu cha kushona kina maonyesho siku hiyohiyo. Doreen aniwekee kipande cha pai.

Si pazia.

Enid


Aldershaw
21 Juni 1993

Enid,

Keti kwanza.

Walikuja saa nne asubuhi. Basi lilisimama pale kwenye geti la ng'ombe, wakashuka watu kama thelathini na mabango yao, na mbele yao kijana mrefu mwenye kipaza sauti. Nyuma yao akashuka samaki. Samaki mzima, mrefu kuliko mimi, magamba ya fedha, macho ya sahani, na miguu miwili iliyovaa viatu vya mvua. Alikwama mlangoni mwa basi, ikabidi wamsukume.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa kibanda, filimbi iko mdomoni. Nilikuwa nangoja mawe. Kabla sijavuta pumzi, wale watu wakaingiza mikono mifukoni na kila mmoja akatoa filimbi! Wakapuliza wote kwa pamoja, ndege wakahama wilaya.

Na watu wangu, Enid, watu wangu thelathini wakatoa mishipi majini. Wakalaza fito. Wakarudi hatua tatu. Wakafungua chupa za chai.

Wale wageni wakabaki wanatazamana. Wamekuja kugombana na hakuna wa kugombana naye. Binti mmoja akamfuata Stan.

"Mbona hamvui?"

"Filimbi imelia."

"Lakini tumepuliza sisi!"

"Filimbi ni filimbi, binti. Unatumia sukari?"

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini nimesema watu thelathini, na wanachama ni thelathini na mmoja. Horace nilimkalisha karibu na kibanda kama ulivyoniomba. Nilipogeuka nyuma, mzee kachukua kiti chake kahamia ukuta wa kinu, kwa sababu amekaa pale tangu vita viishe. Filimbi zote zile hakuzisikia. Yule kijana mrefu akamwona, mtu mmoja tu anayevua bwawa zima, akaona huyu anamdharau makusudi. Akamfuata na kipaza sauti akimpigia kelele za sikioni. Horace akageuka akamwonyesha boksi la mkate wake, achague kipande. Kijana akapandwa na hasira zaidi, akainama akalikamata kapu la wavu ambamo samaki wa Horace huwekwa hai majini hadi wakati wa kupima. Akavuta. Horace naye akashika upande wake akavuta. Halafu nikaona kiti, na Horace simwoni.

Pale kina ni urefu wa watu wawili. Nilikimbia, goti na yote. Stan alikuwa mbele yangu na ameng'oa chuma cha kusimamishia ufito, amekiinua juu ya kichwa cha yule kijana. Nilikiona kile chuma nikaona miaka arobaini na saba yote ikining'inia kwenye ncha yake. Na niseme kweli, sehemu yangu moja ilitaka kishuke.

Samaki alitutangulia. Alijitupa kifudifudi ukingoni, akasukuma mti wa bango lake majini, na kutoka ndani ya kitambaa ikatoka sauti: "Lala chali! Usipige maji! Shika mti, lala chali!" Kisha samaki mwenyewe akaanza kuteleza kuelekea majini, maana kitambaa kile hakina breki. Stan akatupa chuma akamdaka mkia. Ndivyo vita vyetu vilivyokwisha, Murgatroyd amekumbatia mkia wa samaki kwa mikono miwili akipiga kelele, "Nimemshika! Nimemshika!" Yule kijana ndiye aliyemtoa Horace kwa kola ya koti, machozi yanamtoka. Horace akatema maji, akamtazama samaki.

"Miaka sabini natoa samaki majini," akasema. "Leo samaki kanitoa mimi."

Watu wote walicheka, wao na sisi. Doreen akamvua mzee nguo zote zilizolowa mbele ya watu, akamfunga blanketi. Hajambo kabisa. Aliomba tu arudishiwe mkate wake.

Sasa nikueleze lililonifanya nisimame kama gogo. Kapu la Horace lilikuwa limevutwa nusu nje na lina samaki watatu ndani. Wale vijana wakakimbilia kuwaokoa, mikono imenyooshwa. Samaki wa fedha akawafokea: "Si kwa mikono mikavu!" Akavua glavu. Akapiga magoti, akalowesha mikono majini hadi viwiko. Ndipo akawatoa mmoja mmoja, kwa mikono miwili, akimshika kila mmoja ndani ya maji akielekea mbele hadi apate nguvu na kuondoka mwenyewe.

Mkono mkavu unambandua samaki ule ute unaomkinga, halafu anaugua. Nani anajua hilo? Wavuvi. Na nani hulowesha hadi viwiko, badala ya viganja tu? Mimi nimeona mtu mmoja maishani, na tulimzika mwaka themanini na mbili. Alikuwa akituchapa vidole tukigusa samaki kabla ya kulowa.

Nilitaka kumshukuru lakini alikimbilia basi, mkia unaburuta.

Maonyesho yenu ya kushona yalikwendaje?

Clifford


Bristol
26 Juni 1993

Kaka,

Yalikwenda vizuri, ila kazi yetu imechanika mkiani. Mwambie Stan ana mikono ya mchukuzi wa magunia.

Ndiyo, ni mimi. Nilijiunga nao Januari. Machi wakaamua kuja Aldershaw, na wengine walitaka mawe kama ya Hebblesworth. Barua yako ya filimbi ilinifikia asubuhi ya kikao. Nilikwenda nayo mfukoni. Nikasimama nikawaambia kwamba jiwe linampiga samaki yuleyule tunayemtetea, na kwamba kelele zinatosha, kisha nikaenda dukani nikanunua filimbi za watu wote. Hawakujua kwa nini. Nilijua nyinyi mkizisikia mtafanya nini. Nilitumia maneno yako bila ruhusa yako na nilikudanganya kuhusu kushona. Hapana, kuhusu kushona sikudanganya. Lakini uongo ule ulinikaa kooni wiki sita na naomba unisamehe.

Yule kijana anaitwa Julian. Hajala vizuri tangu Jumapili. Ameniuliza anwani ya Horace.

Utauliza kwa nini nilijiunga. Nawahurumia samaki, Cliff, hilo ni kweli na sitalificha tena. Lakini nusu ya hasira yangu si ya samaki, ni ya ubao.

Unakumbuka, najua unakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikwenda kibandani kula mkate, ukaniachia ufito wako. Chelezo cha mshipi kikazama. Nilipambana naye peke yangu nusu saa, yule tenchi mnene wa kijani, na baba akaja akalowesha mikono yake hadi viwiko akanisaidia kumtoa. Alinibusu kichwani. Kisha kwenye mizani mtu akasema wasichana hawaruhusiwi, na baba akasema, "Basi andikeni Clifford." Wewe ulikuwa umesimama pale. Ulinitazama. Mdomo ulikuwa umejaa mkate.

Nimengoja miaka thelathini na saba uumeze ule mkate, useme neno. Badala yake umeniandikia kwamba umeupaka ubao rangi.

Enid


Aldershaw
4 Julai 1993

Enid, dada yangu,

Nianze na bwawa. Nilikwenda kwa Bibi Fothergill tarehe ishirini na tisa, tai shingoni, hotuba mfukoni. Kijiji kilikuwa kimeshamfikishia habari zote na nyongeza juu. Akaniuliza swali moja tu, "Nani alimgusa nani?" Nikamjibu ukweli, kwamba mwanachama mmoja, Bwana S. Murgatroyd, alimshika samaki mkia. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai. Ametia saini, miaka kumi.

Tumeongeza mambo mawili, na yote mawili nimeyaleta mimi mkutanoni. Siku za mashindano tutafunga kamba, hatua kumi kutoka majini. Wenu watasimama upande wao, wetu wataketi upande wao, na mbishi yeyote wa kuvuka atajibu kwa Doreen. La pili, makapu ya wavu hayatumiki tena. Samaki atapimwa palepale na kurudishwa palepale. Stan alinuna siku mbili. Horace amekubali kukaa karibu na kibanda kwa sababu Julian amemletea kiti kipya, na sasa wanacheza drafti, mmoja akipiga kelele na mwingine akiiba kete.

Sasa kuhusu mkate. Nimeumeza.

Sikusahau, Enid. Ningependa kusema nilisahau. Nilikisimulia kile kisa mara nyingi mno, na kila mara nilitia chumvi kidogo, nusu saa ikawa saa nzima, mpaka nikaanza kuhisi ule uzito mikononi mwangu mwenyewe. Lakini kila nilipofika mahali pa kusema "chelezo kikazama," nilikuona wewe. Nilikuwa mwoga nikiwa na miaka kumi na mitano, na nikaendelea kuwa mwoga kwa sababu ilikuwa raha. Nakuomba radhi.

Jana nilisimama mbele ya klabu nzima nikawaeleza. Kisha Stan akakohoa.

"Nilikuwa najua," akasema. "Mizani nilishika mimi."

Ubao nimeufuta na kuuandika kwa mkono wangu. Mstari wa juu sasa unasomeka: E. Hollinrake, tenchi, ratili sita na wakia mbili, 1956. Mimi nimeshuka hadi nafasi ya kumi na nne, kwa samaki mmoja mdogo wa mwaka sitini na nane ambaye nadhani alikuwa mgonjwa. Doreen anasema nimeanza kuwa mtu mzuri wa kuishi naye.

Kaka yako,
Clifford


Bristol
8 Julai 1993

Kaka Clifford,

Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni, na mtu wa posta bado yupo. Alidhani nimefiwa. Ilibidi nimpe chai.

Nimekusamehe. Baba pia, ila huyo nitagombana naye kwanza siku nikimkuta huko aliko.

Ndoana bado nazipinga, usijidanganye. Mashindano ya Agosti nitakuwa pale, upande wangu wa kamba, na bango langu na samaki mwenye mkia mpya, nilioushona mara mbili kwa ajili ya Stan. Mtuletee chai. Pai yangu Doreen aikate kubwa, nimeidai tangu Juni.

Na ubao una kosa. Ilikuwa wakia tatu. Stan alikuwa na haraka ya kwenda kula, muulize. Chukua brashi.

E. Hollinrake